Nyumba Ishirini za Bi Mjumbe

Mtaani kwetu Bi Mjumbe hakuweza kuomba maji ya kunywa. Angeomba chumvi, kiberiti, ungo, hata kitanda cha kumlaza mgeni, na angepewa. Lakini akitamka maji ndani ya nyumba ya mtu, mwenye nyumba alikaa chini kwanza, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Nani?"

Sababu ni kwamba yeye ndiye aliyepeleka habari za msiba, na alikuwa na namna moja tu ya kuzipeleka. Alikuja asubuhi, watu wakishaswali na mikokoteni haijaanza kugombea barabara, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Alipiga hodi tatu, akaingia, akakaa, akaomba maji. Akiletewa kikombe alipiga funda moja, akakirudisha, ndipo akasema ni nani na mazishi ni saa ngapi. Nilipokuwa nimeshakua kiasi cha kuuliza, nilimuuliza kwa nini asiseme tu mlangoni akaenda zake. Akaniambia yale maji hayakuwa ya kiu.

"Anayekwenda kuyachota anapata nafasi," alisema. "Akirudi na kikombe, moyo wake umeshajua. Mimi namalizia tu."

Kwa hiyo joto la Januari lilimtesa kuliko watu wote. Alitembea na chupa yake ya maji ndani ya mkoba wa ukili, na akiisahau alirudi nyumbani kuifuata hata kama ameshafika nusu ya safari. Siku moja aliisahau na hakurudi. Aliingia duka la vyombo vya jikoni, nyumba ya tatu upande wetu, duka la familia ya Kihindu ambayo bibi yao tulimwita Ba kama wajukuu zake walivyomwita. Ba alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta. Bi Mjumbe, jasho likimtiririka, akajisahau akasema, "Ba, nipe maji." Ba akashika kifua na kuanza kulia kwa Kigujarati. Mwanawe akatoka stoo mbio, mkononi kashika mfuniko wa sufuria, naye akaanza kulia kabla hajajua analia nini. Ilichukua nusu saa kuwaaminisha kwamba hakuna aliyekufa, na maji yenyewe Bi Mjumbe hakuyanywa. Mtaa ulicheka mwaka mzima.

Nikisimulia hivi watu hucheka na mimi hucheka nao, halafu narudi nyumbani nimenyong'onyea. Afadhali niseme mapema, asije mtu akadhani ninamsifia kwa mapenzi tu. Mimi ndiye niliyeukata mtaa wake katikati, na sikumwambia. Na lilipokuja jambo ambalo ilikuwa lazima nimwambie, nalo nilikaa nalo miezi mitano.

Cheo chake kilikuwa mjumbe wa nyumba kumi, lakini nyumba zake zilikuwa ishirini, kumi upande wake na kumi upande wetu. Aliyemuuliza juu ya hesabu hiyo alijibiwa kwamba waliosema kumi walikuwa wamekaa ofisini, hawakuona kwamba barabara ina pande mbili. Barabara yenyewe ni moja kati ya zile fupi zilizo nyuma ya Msimbazi, na wakati ule bado ilikuwa na nyumba za Kiswahili, bati juu, korido katikati, vyumba vya wapangaji huku na huku, na mbele fremu mbili tatu za maduka.

"Usiniambie unakaa wapi," alikuwa akisema. "Niambie mlango wako unatazama wapi."

Kwake mtaa ulikuwa ni milango inayotazamana. Mbele watu wanaonana. Wanajua dirisha la nani halijafunguliwa mpaka saa nne na mgonjwa wa nani ameanza kutoka kuota jua. Nyuma, kwenye uchochoro unaopita kati ya kuta za uani, kuna mfereji wa maji machafu na paka, na hakuna anayemjulia mtu hali. Basi mpaka wa mtaa wetu ulipita uchochoro wa nyuma yetu, ukazunguka kona, ukarudi kwa uchochoro wa nyuma yao. Barabara haikuwa mpaka. Barabara ilikuwa ndani.

Kulikuwa na nyumba ya kona ambayo ukuta wake uligusana na wa jirani yetu wa mwisho, lakini mlango wake ulitazama barabara nyingine. Mwenye nyumba ile, fundi charahani mwenye maneno mengi, alikuwa akikaa barazani kwetu kila jioni na alituona sisi ndio watu wake. Msiba ukatokea nyumba ya pili kutoka kwake, na Bi Mjumbe akampita. Fundi alikuja juu. Akamuuliza yeye ni nani kama si wa mtaa huu, na Bi Mjumbe akamjibu kwa upole kabisa kwamba yeye ni jirani mwema wa mtaa wa pili. Wiki ile ile fundi akaita waashi. Wakaziba mlango wa zamani kwa matofali na kutoboa mwingine upande wa barabara yetu, katikati ya chumba alichokuwa akishonea. Bi Mjumbe alisubiri mpaka plasta ikakauka, akaenda, akapiga hodi, akasimama kizingitini akatazama barabara kutokea pale. Halafu akasema sasa zimetimia ishirini. Kabla ya hapo zilikuwa kumi na tisa, na nadhani ile kumi na tisa ilikuwa ikimkera.

Mangi naye alikuwa na safari yake. Ndivyo tulivyomwita mwenye duka la vitenge aliyetoka Kilimanjaro akapanga fremu kwenye nyumba ya sita, akawa analala humo humo nyuma ya marobota. Mwaka wa kwanza Bi Mjumbe alimwita mgeni wa fremu, na salamu zake kwake zilikuwa za mkato. Kisha mpangaji mmoja wa nyumba ile akafariki, na asubuhi Mangi akasikia hodi tatu kwenye mlango wake wa bati. Hakuwa na kikombe ila kimoja, na kilikuwa na chai. Akaimwaga, akakisuuza, akamletea maji mama wa watu. Alifunga duka siku nzima akaenda makaburini na viatu vyake vya kanisani. Miaka mingi baadaye alikuwa bado akisimulia, na hakusimulia habari za marehemu, alisimulia habari za ile hodi.

"Siku ile ndiyo nilihamia Dar," alikuwa akisema. "Kabla ya pale nilikuwa nafanya biashara tu."

Msinielewe vibaya, hakuwa mtakatifu. Alikuwa mbishi, na akishasema jambo harudi nyuma. Alijivunia kwamba hasengenyi, na ni kweli hakusengenya, lakini alikuwa na namna ya kunyamaza akitajiwa mtu fulani, na ule ukimya ulitosha kumaliza ndoa. Alituhimiza watu wa pande zote mbili tukae pamoja, ilhali yeye mwenyewe hakukaa baraza la mtu yeyote ila lake. Na huyu aliyepeleka habari za vifo nyumba hadi nyumba alikuwa akiogopa maiti. Hakuingia chumba cha marehemu hata mara moja. Akishamaliza milango yake alikwenda moja kwa moja uani kwenye masufuria makubwa ya msiba, akashika mwiko, na hapo hakuondoka mpaka jeneza litoke.

Na mama yangu aligombana naye miaka miwili kwa sababu ya maji ya kufulia. Mpangaji wetu mmoja alikuwa na tabia ya kuyamwaga barabarani, na siku moja yakafika kizingitini kwa Bi Mjumbe, povu na vyote. Walisemeshana maneno ambayo mimi nilikatazwa kuyarudia. Baada ya hapo wakawa wanasalimiana kila asubuhi, kila mmoja mlangoni kwake, shingo imekakamaa, halafu kimya mpaka kesho yake. Katikati ya ugomvi huo baba yangu akafariki hospitali. Mtu aliyeleta habari alimfikia Bi Mjumbe kwanza. Akavuka barabara, akakaa kwenye kiti chetu, akamwomba maji mwanamke ambaye hawakuwa wakisemezana. Mama alikwenda kuyachota akakaa huko muda mrefu. Bi Mjumbe alipita nyumba zote zilizobaki, akatupikia siku tatu, na siku ya nne akarudi kwenye kununa kwake kama kawaida. Mama alisema hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda yule mwanamke wiki ile.

Kanuni moja hakuivunja kamwe. Mlango wa kwanza kuambiwa ni ule unaotazamana na mlango wa marehemu, hata kama wenyewe hawapikiki chungu kimoja. Alisema anayeuona mlango wako kila siku ndiye atakayeuona umefungwa. Kutoka hapo alishuka upande mmoja, akavuka, akapanda upande wa pili. Mlango wetu ulitazamana na wake.

Sasa niseme habari ya mstari.

Nilipata kazi ya muda kwenye mradi mmoja wa kuchora mipaka ya mitaa. Tulipewa vizibao vya rangi ya chungwa na kishikwambi kila mmoja, na mimi nikapangiwa eneo langu mwenyewe kwa sababu nililifahamu. Maelekezo yalikuwa wazi wala sitayasingizia. Mpaka ufuate kitu kinachoonekana, barabara au ukuta au mfereji. Lakini wakazi wakiwa na mpaka wao wanaoujua, chora wa kwao, kisha ujaze fomu ya maelezo na upite nyumba kwa nyumba kuchukua sahihi. Njia ya kwanza ilikuwa kugusa kioo mara mbili. Njia ya pili ilikuwa siku mbili za kutembea.

Bi Mjumbe alitutembeza asubuhi nzima, mimi na wenzangu wawili. Alitupitisha uchochoro wa nyuma yetu, kanga kaikunja mpaka magotini kwa ajili ya matope, akigonga kuta kwa mkono. "Hapa ndipo tunapoishia. Piga picha. Hapa pia, piga." Nikapiga. Tulipofika kona alianza kuwasimulia wenzangu jinsi nilivyolala ndani ya sufuria la msiba nikiwa na miaka sita, na akina mama wakakaribia kunimiminia maji ya wali. Wenzangu walicheka mpaka wakashika ukuta. Kuanzia siku ile mpaka kazi inaisha waliniita Sufuria. Mimi nilikuwa mwanamke mzima mwenye kizibao na kishikwambi, na niliudhika. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Siwezi pia kusema kwamba haikuwa sababu.

Siku ya mwisho mvua ilinyesha tangu alfajiri. Msimamizi wetu alitaka ramani zote kabla ya saa kumi. Fomu yangu ya maelezo ilikuwa tupu, sikuwa nimechukua sahihi hata moja. Nikakaa kwenye mgahawa, nikaagiza chai, nikagusa kioo mara mbili. Mstari ukapita katikati ya barabara yetu, mwekundu, umenyooka vizuri. Nilijiambia ni ramani tu. Nilijiambia nyumba zenyewe zinabomolewa moja moja, baada ya miaka michache itakuwa maghorofa matupu na hakuna atakayeuliza. Chai ilikuwa bado ya moto.

Ilibaki sahihi ya mjumbe. Nilimpelekea karatasi nyumbani kwake, mvua ikigonga bati. Aliishika kwa mbali, akaitazama kitambo, akaitazama tena.

"Niisome?" aliniuliza.

"Ni yale yale tuliyozunguka, Bi Mjumbe."

"Basi nionyeshe pa kutia sahihi. Si wewe umeandika?"

Akatia sahihi kwa herufi zake kubwa za shule ya watu wazima, akanifuta maji ya mvua begani kwa upindo wa kanga yake, akaniambia nisipite kwenye madimbwi.

Baada ya miezi kadhaa orodha mpya zikabandikwa, na sisi wa upande huu tukaonekana ni wa mtaa mwingine. Mtaa huo ulikuwa na mjumbe wake, mtu mwenye adabu zake, aliyekaa mbali huko nyuma ya uchochoro na hakuwa amewahi kukanyaga barabara yetu. Mangi alipohitaji barua ya utambulisho alitumwa kwake. Mjumbe yule akamuuliza, bila ubaya wowote, nani anamfahamu hapa. Mangi alirudi akakaa barazani kwetu, akawa anafungua na kufunga kofia ya kalamu.

"Ananiuliza nani ananijua," alimwambia mama. "Miaka yote hii, maza. Nikashindwa hata kumjibu."

Mama aliniita. Akaniambia Bi Mjumbe amekuja kwake, amesema ofisini wamekosea, na kwa kuwa mimi nawajua wale watu niende nikawaambie warekebishe. Nilimjibu nitafuatilia. Kila alipouliza nilisema nimeshawaandikia. Mama alikuwa akimpelekea jibu hilo mwenzake ng'ambo ya barabara, na alikuwa akilipeleka kwa fahari, mwanangu analishughulikia.

Kisha Ba akafariki. Alikuwa mzee sana na alikwenda kwa amani, usingizini. Asubuhi ile nilikuwa nimelala kwa mama, nikatoka barazani kupiga mswaki. Bi Mjumbe alikuwa amesimama mlangoni kwake. Kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, mkoba wa ukili begani. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kama zilivyomfikia kila mtu, kwa vilio vya wakwe wa Ba. Lakini mjumbe wa upande wetu alikuwa ameshamweleza, kwa upole, kwamba huku sasa ni kwake na yeye asijisumbue. Kwa hiyo alisimama akisubiri kuitwa. Barabara yetu ina upana wa hatua kumi hivi. Mkokoteni wa mabeseni ukapita kati yetu, na ulipopita yeye bado yuko pale pale. Alinitazama. Ningemwita tu, neno moja, "Njoo," angevuka. Nilikuwa na povu mdomoni nikajifanya ndilo linalonizuia, nikaingia ndani. Nilipotoka tena mlango wake ulikuwa umefungwa. Ba alitolewa nyumbani kwake bila hodi yoyote, na mwanawe aliuliza mara mbili kama Bi Mjumbe anaumwa.

Mwaka uliofuata wenye nyumba wenzake, maana ilikuwa nyumba ya urithi, wakakubaliana na mjenzi wa ghorofa. Bi Mjumbe akahamia Magomeni kwa binti yake. Siku anaondoka alivuka barabara, akaagana na mama, wakalia wote wawili, na mama akaniambia baadaye kwamba hata siku ile alikumbusha, mwanao asichoke kuwafuatilia wale.

Mama alifariki hospitali, asubuhi ya siku ya kazi, na tukamzika alasiri ile ile. Habari niliituma kwenye kundi la simu la mtaa, ule mtaa mpya. Vikaja vikaragosi vya mikono iliyounganishwa, vingi sana, na watu wengine ambao sikuwajua kabisa walinipa pole kwa kumpoteza mama mpendwa wa mtaa wetu. Bi Mjumbe hakuwamo kwenye kundi. Ana simu ya kitochi, na hata hiyo aliipokea shingo upande kwa sababu, kama alivyosema, mtu huwezi kumwomba maji kwenye simu. Siku ya mazishi nilijitetea kwa haraka ya mazishi. Siku ya hitima nilijitetea kwa wageni. Watu wote walidhani nimeshamwambia, kwa maana ni nani mwingine angemwambia kama si mimi? Arobaini ikafika, nikajitetea kwamba sasa nimechelewa mno, nitamwambia nini. Ukweli ni kwamba nisingeweza kumpelekea msiba bila kumpelekea na ule mstari. Vilikuwa vimeshikana.

Nilikwenda Magomeni mwezi wa tano baada ya mazishi, siku ya Jumapili, saa nne asubuhi. Nyumba ya binti yake iko ndani ndani, na mlango wake unatazama ukuta wa nyuma wa ghala. Nilisimama pale nikautazama ule ukuta kabla ya kupiga hodi. Hauna hata dirisha.

"Karibu," alisema kutoka kwenye mkeka. "Umepotea, mwanangu."

"Shikamoo, Bi Mjumbe."

"Marahaba. Mama hajambo? Nampigia simu haipatikani. Nikasema labda kabadili laini."

Ile simu nilikuwa nimeizima mwenyewe nikaiweka kwenye droo pamoja na miwani yake. Njiani nilikuwa nimeandaa maneno, na nilikuwa nimeyapanga vizuri, lipi litangulie lipi lifuate. Nikakaa. Mdomo ulikuwa umenikauka mpaka ulimi unanata.

"Naomba maji," nikasema.

Sikulipanga. Lilinitoka kwa kiu, na lilipotoka nikaona nimesema nini. Yeye hakuuliza nani. Binti yake alinyanyuka kwenda kuchota, akamzuia kwa mkono, akaenda mwenyewe. Ndoo ilikuwa pale pale kwenye kona, nilimwona mgongo. Alizamisha kikombe, akakitoa, akayamwaga, akazamisha tena. Alikaa sana kwenye ile ndoo. Aliporudi alinipa kikombe kwa mikono miwili, nikapiga funda.

"Mama yako," alisema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwezi wa tano sasa."

Akakaa chini taratibu, akishika ukuta. "Nilikuwa nampigia," alisema. "Muda wote huo nampigia."

Nikamwambia na lile la pili. Sikulipamba. Nilimwambia ofisi haikukosea, mstari niliuchora mimi, kwenye mgahawa, kwa sababu ya mvua na uvivu, na barua za kufuatilia hazikuwahi kuwepo. Mama amekufa akiamini zipo.

"Mstari naujua," alisema.

"Aliyekuambia nani?"

"Macho yangu. Ramani siijui kusoma, lakini barabara yangu niliiona pale kwenye karatasi, na wino mwekundu juu yake. Nikasema mtoto huyu amesoma, ana sababu yake. Nikatia sahihi." Alinyoosha upindo wa kanga kwenye goti lake. "Nimekaa nikiisubiri hiyo sababu. Kumbe mvua."

Binti yake alitoka akaenda uani. Mtu alikuwa akiburuta kitu kizito upande wa pili wa ule ukuta wa ghala.

"Mlipiga hodi?" aliniuliza.

"Tulituma ujumbe kwenye simu."

"Nimekuuliza mlipiga hodi."

"Hapana."

"Hata nyumba moja?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

Nilipolisema hilo, Mungu anisamehe, nililiona kama mahali pa kujificha. Mlango wake ndio uliotazamana na wetu. Kwa kanuni yake mwenyewe ndio niliopaswa kuanza nao, na kweli nimeanza nao. Nilimtazama nikitumaini atalipokea hivyo.

"Sawa," alisema. "Umeanza vizuri. Kwa Mangi bado. Kwa kina Ba bado." Alikuwa akikunja vidole kimoja kimoja, akishuka upande wetu, akafika kwa fundi charahani pale kona, akavuka barabara, akapanda upande wake. "Utakwenda kesho, watu wakishaswali."

"Nyumba nyingi hazipo tena, Bi Mjumbe. Ni maghorofa."

"Hayana milango?"

"Yana mageti. Na walinzi."

"Mlinzi hana maji?"

Niliinamisha kichwa. Machozi yalikuwa yakinitoka na sikutaka ayaone, maana hayakuwa ya mama peke yake, na yeye angejua. Nikainua kikombe niyanywe yaliyobaki. Akanyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, si kwa hasira, akakichukua kikombe akakiweka chini upande wake.

"Usiyamalize," alisema. "Ukitoa ya kwenu, ukitoa yangu, umebakiza kumi na nane."